Feni Ikifa na Wewe Uko Muheza: Kuchagua Kipoza cha Seva ya Nyumbani Tanga

Kila jaribio la vipoza vya prosesa (chuma chenye feni kinachotoa joto kwenye ubongo wa kompyuta) utakalolitazama mtandaoni limefanyika kwenye chumba ambacho Tanga hatuna. Jamaa yuko Ujerumani au Marekani, chumba chake kina nyuzi 20 au 22, anakuonyesha prosesa ikisoma 60 ikiwa kazini, anataja bei, anaaga. Wewe uko Makorora mwezi wa Februari, upepo umekatika tangu asubuhi, kipimajoto cha ukutani kinasoma 33, na bati nalo linaongeza lake kutoka juu. Ile 60 ya jamaa kwako ni 72, na hapo vumbi halijaingia bado.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kipoza hakitengenezi baridi. Kinachofanya ni kuhamisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye hewa iliyopo, na hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa hiyo hata kiwe na feni tatu. Alichopima yule jamaa ni pengo: prosesa yake imekaa karibu nyuzi 40 juu ya hewa ya chumba chake. Pengo ni sifa ya kipoza, chumba ni chako. Ndiyo maana nikisoma jaribio lolote natafuta kwanza walipoandika joto la chumba, nalitoa, kisha najumlisha la kwangu. Jaribio lisilotaja joto la chumba silimalizi.

Nilikuwa naunganisha seva ya nyumbani. Si kubwa. Inahifadhi picha za harusi za studio ya dada yangu pale Ngamiani, inarusha filamu kwenye televisheni ya sebuleni, na inachuja matangazo kwenye simu za watu wote wa nyumba. Diski nilijua nataka zipi, programu nilijua, RAM nilikuwa nayo. Kilichonikalisha chini na kalamu ni hicho kipande cha chuma chenye feni, kwa sababu seva hailali. Mwaka una saa 8,760, na kompyuta ya ofisini inayozimwa jioni na kupumzika Jumamosi na Jumapili inafanya kama robo tu ya hizo. Feni ambayo ofisini ingezeeka kwa miaka kadhaa, kwenye seva inayala maisha yake mara nne kwa kasi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na wenzangu wa mambo ya kompyuta wanabishana nao: kipoza cha seva kwa huku kwetu kisichaguliwe kwa siku ambayo kila kitu kinafanya kazi. Kichaguliwe kwa siku feni itakayokufa. Itakufa, na haitasubiri uwepo nyumbani. Wewe utakuwa Muheza kwenye msiba, simu haina chaji, na mama yuko sebuleni anadhani ule mlio mpya ni wa friji.

Ila kabla feni haijafa, kipoza lazima kwanza kiingie.

Nilimpigia kijana mmoja anayeuza vifaa Kariakoo.

"Kaka habari, hiyo feni ya prosesa inaingia soketi gani?"

"Zote, braza. Hiyo inaingia zote, mpaka i7."

"i7 ya soketi gani?"

"i7 yoyote, braza. We tuma hela, naipandisha kwenye basi la mchana."

Simlaumu sana, biashara ni maneno. Lakini i7 ni jina la familia ya prosesa za Intel, si soketi, yaani kile kiti ambacho prosesa inakaa kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Core i7 za kwanza zilitoka mwishoni mwa 2008 kwenye soketi ya LGA 1366, ambayo matundu yake manne ya kufungia kipoza yako umbali wa milimita 80 kutoka tundu hadi tundu. Zikafuata familia ya LGA 1156, 1155, 1150, 1151 na 1200, zote zina milimita 75. Kisha mwaka 2021 ikaja LGA 1700, milimita 78. Hapo ni jina moja la i7 na matundu ya aina tatu, na kipoza kinachokaa kwenye moja hakigusi nyingine bila mabano ya kubadilishia. Ule msemo wetu wa waja leo warudi leo haukutungiwa vifurushi vya basi, ila unavifaa.

Tofauti ya hatari zaidi ni ile isiyoonekana kwa macho. Vipoza vya zamani vya Intel vya LGA 775, vile vya duara vyenye miguu minne ya plastiki, vinafanana kabisa na vya LGA 1155. Matundu ya 775 yana milimita 72, ya 1155 yana 75. Milimita tatu. Ukikishika mkononi huioni, ukikilazimisha kwenye ubao miguu miwili inaingia na miwili inapinda. Madukani huku, kwenye madebe ya vifaa vya mtumba, vyote viwili vinalala pamoja, kwa hiyo nenda na rula, pima katikati ya mguu hadi katikati ya mguu, ndiyo uulize bei.

Wenye prosesa za AMD, mshindani wa Intel, wana nafuu na karaha yao. Nafuu ni kwamba soketi zao za AM4 na AM5 zinatumia nafasi zilezile za matundu, milimita 54 kwa 90, hivyo vipoza vingi vya AM4 vinahamia AM5. Sharti ni kimoja: kitumie bamba la nyuma lililokuja na mazabodi, maana la AM5 halitoki, ndilo pia linaloshikilia soketi. Kipoza kinacholeta bamba lake chenyewe hapo kinakwama. Soketi za kabla, AM3 na ndugu zake, zilikuwa na milimita 48 kwa 96, kwa hiyo huko nyuma usirudi. Karaha iko kwenye kufungua. Prosesa za AM4 zina pini chini yake, na soketi inazishika kwa wenzo mdogo tu. Pesti (ule ute wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) ikikauka, ukivuta kipoza juu kwa nguvu kinatoka na prosesa yake, pini zikiwa zimepinda. Iwashe kwanza mashine ipate moto, izime, kisha kizungushe kipoza kidogo kushoto na kulia mpaka kiachie. Ukinunua AM4 ya mtumba omba kuona pini kabla ya kutoa pesa.

Kuna na wale wanaovutiwa na Xeon, prosesa za Intel za seva, za LGA 2011 kwa sababu ya wingi wa koa (viini vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) na bei. Soketi hizo zina sura mbili za mabano: ya mraba, milimita 80 kwa 80, na nyembamba, 56 kwa 94, iliyotengenezwa kwa ajili ya mazabodi za seva zenye nafasi finyu. Mtu anaagiza kipoza kimeandikwa 2011 kwa herufi kubwa, kinafika, hakiingii. Picha ya mazabodi ingemwambia.

Jambo la LGA 1700 nilimalize, kwa kuwa watu wengi sasa wanahamia huko. Si matundu tu yaliyosogea. Prosesa zenyewe zinakaa chini kidogo kuliko za LGA 1200. Ukitoboa au ukitumia mabano ya plastiki ya kuazima, kipoza cha zamani kinaweza kufunga vizuri na bado kikagusa bila kubana, na joto linabaki kwenye prosesa. Kuna kampuni zinazouza au hata kutoa mabano rasmi kwa vipoza vyao vya miaka ya nyuma, Noctua ya Austria ikiwa mojawapo. Tafuta hayo au tafuta kipoza kingine.

Mimi nilikuwa na Core i5-10400 kwenye LGA 1200, kwa hiyo niko kwenye ile familia ya milimita 75 iliyoanza mwaka 2009. Maana yake ni kwamba rundo zima la vipoza vya kompyuta za ofisini zilizoingia nchini kwa makontena linaweza, kwa matundu, kunifaa. Hapo ndipo nilipokutana na mtego ambao kwenye majaribio ya Ulaya hauzungumzwi, kwa kuwa wao hawaungi seva kwa vipande vya ofisi.

Feni ya prosesa ya kawaida ina pini 4: ya kwanza ardhi, ya pili volti 12, ya tatu inarudisha habari ya mzunguko, ya nne inapokea amri ya kasi. Ile ya tatu ndiyo nataka uikumbuke. Mazabodi ikiwaka inasikiliza hapo. Isiposikia mzunguko, nyingi zinasimama na kuandika kwamba feni ya prosesa haionekani, bonyeza F1 kuendelea. Kwenye kompyuta ya mezani ni usumbufu wa sekunde mbili. Kwenye seva isiyo na kibodi wala skrini, iliyowekwa juu ya kabati la korido, ni mwisho wa huduma. Sasa fikiria umeme wetu. Unakatika saa tano usiku, UPS inashika kwa muda wake inaishiwa, umeme unarudi saa nane. Seva imepangiwa iwake yenyewe umeme ukirudi, inawaka, inafika kwenye F1, inakaa hapo mpaka utakapokuja kuishughulikia. Studio asubuhi inapiga simu.

Baadhi ya Dell OptiPlex za zamani zina plagi ya pini 5 kwenye feni ya prosesa, na mpangilio wake si huu wa kawaida. Kuna kompyuta nyingine za ofisini ambazo skrubu za kipoza hazishiki mazabodi kabisa, zinapenya na kushika bati la kasha lenyewe, hivyo nje ya kasha hilo kipoza hakina pa kujifunga. Na kuna feni za nyaya mbili ambazo mafundi hupachika moja kwa moja kwenye waya wa pawasaplai. Zinazunguka vizuri, hazisemi chochote. Kipoza chochote cha mtumba kwangu lazima kiwe na plagi ya pini 3 au 4 ya kawaida, na lazima nikione kikizunguka huku mazabodi ikisoma namba. Pini 3 inatosha kwa usalama, unachopoteza ni ulaini wa kupandisha na kushusha kasi, na hata hapo mazabodi nyingi zinaweza kuiendesha kwa kubadili volti.

Miguu ya plastiki ya kubonyeza siipendi kwa seva. Plastiki iliyokaa miaka kwenye joto inakuwa kavu, mguu mmoja unaachia usiku bila taarifa, na kipoza kinasimama upande. Bamba la chuma nyuma ya mazabodi na skrubu nne, basi. Linakulazimisha kutoa mazabodi yote nje kulifunga, ni kweli. Ni kazi ya mara moja.

Kuhusu urefu nitasema kifupi, kwa sababu ni jambo la rula tu. Kipoza cha mnara chenye feni ya milimita 120 kwa kawaida kina urefu wa kati ya 150 na 160: Noctua NH-U12S ni 158, Deepcool AK400 ni 155, Hyper 212 ya Cooler Master karibu 159. Makasha ya seva za nyumbani yanatofautiana kuliko unavyodhani. Fractal Design Node 304, dogo na la diski sita, linakubali hadi 165. Jonsbo N3 linakubali 130. Jonsbo N2, ambalo watu wanalipenda kwa umbo, linakubali 65 tu, na hapo unaingia kwenye ukoo wa vipoza vifupi kama NH-L9i ya milimita 37. Kasha langu ni la mtumba, la ofisi, jembamba kidogo, na halina karatasi. Nililaza rula kutoka uso wa prosesa hadi ukingo ambapo mlango unafunga, nikapata 140, nikaondoa kidogo kwa ajili ya mbavu za ndani ya mlango. Minara ya 120 ikawa imetoka. RAM ya kawaida isiyo na mapambo ina kimo cha kama milimita 31, haizuii kitu. Zile zenye taji za chuma na taa achana nazo, seva haina wa kumringia.

Sasa wati. Kwenye boksi la i5-10400 imeandikwa 65, na watu wanachukua kipoza cha wati 65 wanalala. Ile 65 ni kiwango cha kazi ya muda mrefu kwa mwendo wa msingi. Intel yenyewe inairuhusu prosesa hii kupanda hadi wati 134 kwa sekunde 28 hivi inapopewa kazi ghafla, na mazabodi zingine zinaachia kikomo hicho bila hata kuhesabu sekunde. Ndiyo maana unaona feni inanguruma kila mtu anapofungua albamu ya picha.

Badala ya kununua kipoza cha wati 134 nilishusha kikomo. Kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi inayofunguliwa mashine inapowaka) kuna mahali pa vikomo vya muda mrefu na mfupi, vyote viwili nikaviweka 65. Kubadilisha video kwa ajili ya televisheni kunafanywa na sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa, si koa (hakikisha tu namba ya prosesa yako haimaliziki na F, hizo hazina sehemu hiyo), na kunakili picha ni kazi ya diski. Hakuna mtu ndani ya nyumba aliyegundua. LUKU ingegundua: seva inayokula wastani wa wati 40 inamaliza karibu uniti 29 kwa mwezi, na walio kwenye ile tarifa ya matumizi madogo yenye kikomo cha uniti 75 wanajua 29 ni kiasi gani. Prosesa yenye herufi T mwishoni, zile za wati 35, ukiipata kwa bei ya maana, ni bora zaidi kwa kazi hii kuliko kipoza chochote utakachoongeza.

Baada ya matundu, plagi, urefu na wati, ndipo nikarudi kwenye swali langu la feni iliyokufa.

Kipoza kidogo cha alumini kilichokuja na prosesa hakina jibu. Chuma ni kidogo, mapezi ni mafupi, kinaishi kwa feni tu. Isitoshe kinapuliza kuelekea chini, na hewa ya moto inatapakaa pande zote ndani ya kasha, kama mtu anayepepea jiko la mkaa akiwa amesimama juu yake. Ina faida, sikatai: inapoza pia vipande vya kugawa umeme vinavyozunguka soketi. Ila diski zangu nne ziko mbele, na sitaki hewa ya moto izunguke izirudie. Diski zinaumia taratibu kwa joto, na picha za watu ndizo zilizomo humo.

Kipoza cha mnara kina mabomba ya shaba yanayopanda kutoka kwenye kitako hadi kwenye mapezi. Mabomba hayo si shaba tupu. Ndani mna maji kidogo sana, yaliyofungiwa baada ya hewa kuondolewa, na kwa kuwa shinikizo ni dogo maji hayo yanachemka kwenye joto la chini mno kuliko 100. Mvuke unakimbilia juu palipo na baridi, unageuka maji, na maji yanarudi kupitia utambi wa chembe za shaba uliogandishwa kwenye ukuta wa ndani. Hakuna pampu wala waya, hakuna cha kuharibika. Mapezi yamesimama sambamba na njia ya hewa, kutoka diski za mbele kwenda feni ya nyuma ya kasha. Kwa hiyo feni ya kipoza ikisimama, feni ya nyuma ya kasha bado inavuta hewa kupita katikati ya mapezi yale. Hiyo ndiyo bima niliyokuwa naitafuta, na inapatikana kwa mpangilio tu, haihitaji bei kubwa. Ila feni ya nyuma iwe karibu na mnara na iko kwenye mstari mmoja nao.

Nilichukua mnara mdogo wa feni ya milimita 92, mabomba manne, urefu wa 125 na kitu, mtengenezaji wa China ambaye jina lake halitakusaidia kwa kuwa madukani huku linabadilika kila meli. Noctua NH-U9S ina milimita 125 na ingenifaa vilevile, kwa mtu mwenye mkoba mrefu. Vipoza vya maji sikuvifikiria hata kidogo. Pampu ikifa hakuna bima ya mapezi, prosesa inapanda kwa dakika, na maji yenyewe hupungua polepole kupitia mipira. Kwa mashine unayoitazama kila siku sawa. Kwa mashine ya juu ya kabati, hapana.

Kuhusu chumvi. Ukikaa Raskazone bawaba za geti zimeshakueleza, lakini hata huku ndani mjini hewa si ya Lushoto. Alumini inaota unga mweupe, shaba inageuka kijani, na pale metali hizi mbili zinapogusana kwenye unyevu wenye chumvi zinakulana; alumini ndiyo inayoliwa. Vipoza vya bei ya chini vina kitako ambacho mabomba ya shaba yamechongwa na kubanwa kwenye alumini, yakigusa prosesa moja kwa moja. Huko bara vinafanya kazi vizuri sana. Huku nilitafuta chenye kitako cha shaba kilichopakwa nikeli chote, na mabomba pia yamepakwa. Rangi ya fedha kila mahali. Ukiona wekundu wa shaba, uliza bei ya kingine.

Watu wanashangaa nikisema kuwaka muda wote ni kinga. Mashine inayofanya kazi ina joto kuliko hewa, na unyevu haugandi kwenye chuma chenye joto kuliko hewa. Adui ni ile ya kuzima na kuwasha, na zaidi chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 18 ambacho mchana kinafunguliwa madirisha: hewa ya Februari yenye nyuzi 33 na unyevu wa asilimia 60 inaanza kutoa jasho kwenye chuma chochote kilicho chini ya nyuzi 24 hivi. Kwa hiyo sikuipeleka seva chumba cha kiyoyozi. Iko koridoni, penye hewa inayopita, mbali na moshi wa jikoni. Moshi wa kupikia una mafuta, na vumbi lenye mafuta halitoki kwa blowa.

Ukipuliza, shika panga za feni kwa kidole. Vijana wanapenda kuisikia ikilia kwa upepo wa blowa. Hapo inazunguka kuliko ilivyotengenezewa, beringi inaumia, na mota inageuka kuwa jenereta inayorudisha umeme kwenye mazabodi. Na ukinunua feni, uliza beringi. Za bushi ni rahisi na kimya mwanzoni, ila joto linakausha mafuta yake. Za gololi zinadumu, zinavuma kidogo. Zile ambazo mhimili unaelea kwenye mafuta yaliyofungiwa ndizo ninazozilipia.

Nilipomaliza kufunga nilifanya jaribio lililokuwa shabaha ya yote. Chumba nyuzi 31, seva imetulia, prosesa inasoma 38. Nikachomoa feni ya kipoza, ya nyuma ya kasha ikiendelea. Ikapanda pole hadi 49 ikakaa. Nikaipa kazi ya kweli: televisheni inatazama filamu inayobadilishwa, na picha za harusi zinaingia kutoka studio. Ikafika 70 na ushee, ikatulia hapo muda wote wa filamu. Kile cha alumini kilichokuja na prosesa, kwa kazi ileile na feni imechomolewa, kilivuka 90 na kuendelea kupanda mpaka prosesa ikaanza kujipunguza kasi, kwa sababu Intel hizi zikifika 100 zinajibana zenyewe. Mama alipita akauliza kwa nini leo kimya. Nikamwambia, "Feni nimeizima, mama." Akasema basi iwe hivyo siku zote.

Haitakuwa hivyo, lakini siku ikizima yenyewe nitajua. Linux, mfumo unaoendesha seva, ina programu ya lm-sensors, na kwenye mazabodi nyingi ukiongeza moduli ya nct6775 inakusomea mzunguko wa kila feni. Nimeandika maagizo mafupi yanayotuma ujumbe kwenye simu mzunguko ukifika sifuri au prosesa ikipita 80. Onyo la F1 nimelizima pia kwenye BIOS, kwa kuwa sasa kuna kingine kinacholinda. Kwa kipoza kile cha alumini nisingethubutu kulizima.

Feni ya akiba nilinunua pamoja na kipoza, kwa sababu saizi ya 92 huku si ya kila duka; za 80 na za 120 hukosi. Kama kasha lako linaruhusu hata 136 au 140, kuna minara mifupi inayobeba feni ya 120, Deepcool Gammaxx 300 ikiwa mmojawapo, na ningekuwa na milimita chache zaidi ningechukua wa namna hiyo. Angalia tu kwamba feni inashikwa kwa klipu za waya au raba na ina matundu ya kawaida. Zile zilizoumbwa pamoja na plastiki ya kipoza chake, ikifa feni umenunua kipoza kingine.